Miguu Inayowaka Usiku: Namna Ugonjwa wa Sukari Unavyoharibu Mishipa ya Fahamu

Mama, unapongoja zamu yako hapa sentre, na mtoto amelala mgongoni, soma karatasi hii. Kama jirani yako hajui kusoma, msomee kwa sauti. Leo hatusemi habari za uzito wa mtoto wala za chanjo. Tunasema habari za miguu: miguu ya mama mkwe, miguu ya baba watoto, na labda miguu yako mwenyewe.

Hapa Alimbongo baridi ni kali, unajua. Jioni watu wa nyumba wanakaa kuzunguka moto, na kila mmoja anasogeza miguu karibu na majivu. Basi, fikiri mama mmoja mzee wa nyumba kama yenu. Tangu miezi mingi analalamika: "Miguu inaniwaka, ni kama natembea juu ya makala." Usiku anatupa blanketi, hata ikiwa baridi. Halafu siku moja anasema moto umeisha, miguu imetulia, haisikii tena kitu. Nyumba nzima inafurahi. Jioni ile anakaa karibu na moto kama siku zote, anasinzia kidogo kwenye kiti, na ni mjukuu wake anayelia: "Koko! Muguu yako inaungua!" Kidole kimeungua mpaka nyama, naye hakusikia hata kidogo.

Watu watasema amekanyaga dawa njiani. Wengine watataja jirani fulani, na kesho ugomvi utaanza. Hapana. Mara nyingi jambo hili linatoka katika ugonjwa wa sukari. Na siku ile ambayo nyumba ilifurahi, ndiyo siku ambayo ilifaa wamlete hospitali mbio.

MISHIPA GANI TUNAYOSEMA

Watu wanasema "mishipa" kwa vitu vingi. Kuna mishipa ya damu, kuna ile migumu inayovuta mifupa, na kuna mishipa ya fahamu. Mishipa ya fahamu ni kama nyuzi nyembamba sana. Inatoka katika ubongo na katika uti wa mgongo, inafika kila mahali pa mwili, na inapeleka habari. Ukikanyaga mwiba shambani, mshipa wa fahamu unapeleka habari juu: "Mwiba!" Mara moja unanyanyua mguu.

Mshipa ule unaofika kwenye kidole cha mguu ni mrefu kupita yote, karibu metre nzima toka kiuno. Kila mshipa umezungushiwa chembe ndogo ndogo zinazoufunika na kuulisha, kama vile waya wa umeme ulivyofunikwa na ganda lake. Tena una vijishipa vya damu vyembamba sana vya kuuletea chakula na hewa. Kitu kirefu namna hii, chenye kulishwa na vijishipa vyembamba namna hii, ni rahisi kuharibika. Ndiyo sababu ugonjwa unaanza vidoleni, halafu unapanda pole pole mpaka kifundo cha mguu, mpaka kwenye ugoko, kama mtu anayevaa sosete. Ukifika karibu na goti, mara nyingi na ncha za vidole vya mkono zinaanza kufa ganzi.

SUKARI INAINGIAJE HAPO?

Bugali, viazi, ndizi, mkate, vyote vikifika tumboni vinageuka sukari na kuingia katika damu. Sukari hiyo ni chakula cha mwili, si kitu kibaya. Lakini ili iingie katika nyama za mwili inahitaji ufunguo, jina lake insulini. Ufunguo huu unatengenezwa na kiungo kimoja kilicho nyuma ya tumbo, kinachoitwa kongosho. Kwa mgonjwa wa sukari, ama ufunguo haupo, ama ni mchache, ama mlango umeota kutu. Sukari inabaki nje katika damu na kuzidi.

Sasa angalia vizuri. Chembe za mishipa ya fahamu hazihitaji ufunguo ule. Mlango wao uko wazi siku zote. Sukari ikizidi katika damu, inazidi na ndani yao, wapende wasipende. Humo ndani inageuzwa vitu vingine vinavyochosha chembe, tena inanata juu ya protini kama maji ya muwa yakikauka kwenye kikombe. Na vile vijishipa vya damu vinavyolisha mshipa vinakuwa vinene na kuziba. Mshipa unakaa na njaa huku umezungukwa na sukari. Ni ajabu, lakini ndivyo ilivyo.

Ugonjwa huu si wa matajiri wala wa wanene tu. Hata mtu mwembamba anaupata, na mtoto anaupata. Mwezi wa 4 wa mwaka 2025, katika mkutano wa Bangkok, chama cha dunia cha ugonjwa wa sukari kilikubali aina moja inayohusiana na njaa ya muda mrefu, wakaiita aina ya 5. Waganga walikuwa wameiona tangu mwaka wa 1955 huko Jamaika, lakini ilisahauliwa na kukumbukwa mara nyingi. Kwa hiyo usiseme, "Mimi ni maskini, sukari itanipata wapi?"

MOTO WA NDANI

Mtoto akichomwa na mwiba na ukabaki, mahali pale panavimba, panakuwa pekundu, pana joto na maumivu. Huo ni ulinzi wa mwili. Askari wa damu wamefika na wanapigana na uchafu. Tutauita moto wa ndani, lakini si homa. Moto huu ni mzuri ukiwaka siku chache na kuzimika. Ni kama moto wa jikoni: unapika chakula, lakini ukiachwa bila mtu unaunguza nyumba.

Kwa mgonjwa wa sukari, chembe za mshipa zilizochoka zinaita askari wale. Wanafika, wanatoa vitu vikali vya kuua adui. Lakini adui hayupo. Hakuna mwiba, hakuna vijidudu. Kila siku sukari iko juu, kila siku wanaitwa tena, na vitu vile vikali vinaanza kula ganda la mshipa na mshipa wenyewe. Moto huu ni mdogo, hauonekani nje, mguu hauvimbi wala hauwi mwekundu. Mtu anasikia tu miguu inawaka, inachomachoma kama sindano, au kama chungu wanatembea chini ya ngozi. Mshipa unaoharibika unapeleka habari za uongo: "Moto! Moto!" na moto haupo. Halafu mshipa ukifa kabisa, haupeleki tena habari yoyote. Hapo ndipo moto wa kweli unapokuja na mtu hasikii.

Tunasisitiza jambo hili maana bamama wengi wanalielewa kinyume. Maumivu yakiisha bila sukari kushuka, si kupona.

BREKI YA CHUKUDU

Umeona kijana anashuka mlima na chukudu yenye magunia ya viazi. Anakanyaga kipande cha mpira wa gari juu ya gurudumu la nyuma, na chukudu inapunguza mbio. Bila breki ile hakuna anayeweza kushuka mlima na mzigo. Mwili nao una breki kwa ule moto wa ndani, na breki moja iligunduliwa mahali ambapo hakuna aliyefikiri.

Katika kila chembe ya mwili kuna kama kitabu kikubwa cha maagizo, ulichopata kwa baba na mama yako. Kitabu chenyewe hakitoki mahali pake. Chembe inaandika barua fupi toka kitabuni, barua inapelekwa pale kazi inapofanyika, na kazi inafanyika kama barua ilivyosema: tengeneza hiki, tengeneza kile. Mwaka wa 1993 wataalamu wawili wa Marekani, Victor Ambros na Gary Ruvkun, kila mmoja na wenzake, walikuwa wanachunguza mnyoo mmoja mdogo sana, urefu wake milimetre moja tu. (Si mnyoo wa tumbo la watoto wetu. Huyu anakaa katika udongo na hasumbui mtu.) Waliona kwamba chembe inatengeneza pia vikaratasi vifupi kabisa, vya herufi kama 22 tu, ambavyo havileti agizo lolote. Kazi yao ni kubandikwa juu ya barua ili isisomwe. Vikaratasi hivi vinaitwa mikro-RNA.

Watu wengi walifikiri ni jambo la mnyoo yule tu. Lakini mwaka wa 2000 kikaratasi cha pili kilionekana katika wanyama wengi na katika mtu pia. Leo tunajua kwamba mtu ana vya namna zaidi ya elfu moja. Mwaka wa 2024 Ambros na Ruvkun walipewa tuzo ya Nobel, miaka 31 baada ya kazi ile.

Kimoja cha vikaratasi hivi, mikro-RNA ya 146a, ndicho breki tunayosema. Chembe ikipata agizo la kuwasha moto wa ndani, agizo linapitia mikono ya wajumbe fulani, na 146a inazuia barua za kuwatengeneza wajumbe wale. Moto ukiwaka, chembe yenyewe inaongeza 146a ili moto usizidi. Ni mpango mzuri sana. Kuna na nyingine, 155, ambayo mara nyingi kazi yake ni kinyume: inasukuma chukudu badala ya kuishika.

Sukari inafanya nini hapo? Katika mishipa ya fahamu ya panya wenye ugonjwa wa sukari, wataalamu waliona kwamba 146a inapungua. Breki imelika. Mwaka wa 2017 wataalamu wa hospitali ya Henry Ford, mjini Detroit, waliwapa panya wale 146a iliyotengenezwa na watu. Moto wa ndani ulipungua katika mishipa, habari zikaanza tena kupita kwa mbio katika nyuzi zile, na miguu ya panya ikasikia vizuri kuliko mbele.

BASI DAWA IKO?

Bado. Tuseme wazi, maana tunajua namna habari zinavyotembea sokoni. Panya si mtu. Kupeleka vikaratasi vile mpaka kwenye mishipa ya mtu, bila kuharibu kazi nyingine ya mwili, ni kazi ngumu. Leo hakuna hospitali inayotoa mikro-RNA kwa mishipa ya fahamu ya mgonjwa wa sukari, wala hapa kwetu wala Ulaya. Mtu akikuuzia chupa, hapa au Butembo, akisema inafufua mishipa iliyokufa, anakula pesa zako tu.

Labda utauliza: basi, mbona mnatuhadithia? Kwa sababu mbili. Ya kwanza, ili ujue kwamba uchawi haumo. Ya pili ni kubwa zaidi: breki ile inalika pole pole, miaka na miaka, sukari ikiwa juu. Sukari ikishuka mapema, mshipa unaokolewa kabla haujafa. Hili si la panya tu. Marekani na Kanada walifuata wagonjwa 1,441 wanaotumia insulini, na mwaka wa 1993 wakatangaza matokeo: wale waliochunga sukari yao vizuri sana, uharibifu wa mishipa ya fahamu ulipungua kwa asilimia 60 kuliko wenzao. Kwa sukari inayoanza ukubwani faida ni ndogo zaidi, ipo lakini haitoshi peke yake. Hapo inafaa pia kupima presha, kuacha tumbako, na kupunguza pombe, maana kasiksi na pombe kali zinaharibu mishipa hiyo hiyo.

Kwa maumivu ya kuwaka kuna dawa zinazosaidia, kama amitriptilini kidogo usiku. Zinatuliza kelele za mshipa, hazitengenezi mshipa. Zinaleta usingizi na haziwafai watu wote, hasa mwenye ugonjwa wa moyo au mwenye mimba, kwa hiyo usikopeshane vidonge na jirani.

PANYA WA DAR ES SALAAM

Huko Tanzania, muganga Zulfiqarali Abbas na wenzake wameshughulikia miguu ya wagonjwa wa sukari miaka mingi mjini Dar es Salaam. Mwaka wa 2005 waliandika juu ya jambo ambalo kila mama wa kijiji atalielewa mara moja: wagonjwa waliong'atwa na panya miguuni usiku. Walilala bila kusikia. Asubuhi waliona damu na vidonda, na vidonda vile vikaingiwa na uchafu.

Mambo haya yalijulikana mbele kwa wagonjwa wa ukoma. Muganga mmoja Mwingereza, Paul Brand, aliyefanya kazi India, aliona wagonjwa wake wanapoteza vidole usiku, watu wakafikiri ni ukoma unaovila. Kumbe ni panya. Akawashauri wafuge paka. Baadaye alipofika Marekani alifundisha kwamba mguu wa mgonjwa wa sukari na mguu wa mwenye ukoma ni ndugu: yote miwili inaharibika kwa sababu haina maumivu ya kuulinda. Mtu mzima wa miguu akipata kidonda cha kiatu, anachechemea, na kuchechemea kule kunampa mguu nafasi ya kupona. Asiyesikia anaendelea kutembea juu ya kidonda mpaka mfupa.

Basi, katika nyumba yenye mgonjwa wa sukari, paka si mchezo. Na chakula kisibaki wazi karibu na kitanda, na mgonjwa anawe mikono na miguu kabla ya kulala, maana harufu ya chakula inamwita panya.

JIPIMENI NYUMBANI

Hapa sentre muganga anaweza kukupima kwa uzi wa nailoni unaosukuma ngozi kwa nguvu ya grami 10. Lakini kuna namna nyingine isiyohitaji kitu, iliyotoka hospitali ya Ipswich, Uingereza, mwaka wa 2011, na hata binti yako wa miaka kumi anaweza kuifanya.

Mgonjwa avue viatu vyote viwili, alale, afunge macho. Umwambie: "Kila mara ukisikia ninakugusa, sema kulia au kushoto." Halafu gusa kwa ncha ya kidole chako, polepole kama unagusa shavu la mtoto anayelala, muda wa sekunde moja au mbili. Usisukume, usisugue, usigonge. Gusa kidole kikubwa, kidole cha katikati na kidole kidogo cha mguu mmoja, halafu vile vile mguu wa pili. Ni mahali 6. Akikosa kusikia mahali 2 au zaidi, miguu yake imeanza kupoteza fahamu. Mlete hapa, hata kama anasema yuko salama. Mara nyingi yeye mwenyewe ndiye wa mwisho kujua.

MIGUU HAIONI, WEWE NDIWE MACHO YAKE

Kila jioni, kabla giza haijaingia, angalia miguu ya mgonjwa juu na chini, na katikati ya vidole. Macho yake mwenyewe labda yameshaharibika na sukari, na mgongo wake haukunjiki tena. Mtoto wa shule anaweza kufanya kazi hii. Tafuta lengelenge, mpasuko wa kisigino, wekundu, mahali penye joto kupita pengine, ukucha unaoingia katika nyama.

Maji ya kumwosha, yapime kwa kiwiko kama unavyopima maji ya mtoto mchanga. Wewe upime, si yeye. Asiloweke miguu katika maji ya moto hata akikuomba kwa machozi juu ya baridi. Mpe sosete za sufu na blanketi, na kiti chake kikae mbali na mbabula na mafiga, hatua mbili nzima. Tunajua ni vigumu katika baridi ya huku. Ndiyo sababu tumeanza karatasi hii kwa habari ya moto.

Asitembee miguu mitupu, hata ndani ya nyumba. Kandambili zinaacha vidole wazi na ngozi ya katikati ya vidole inakatika. Afadhali kiatu kilichofunikwa, kipana mbele. Ukinunua kiatu cha mitumba, ingiza mkono ndani na upapase mpaka mwisho: msumari, jiwe, mshono mgumu. Fanya hivyo na maboti ya shamba kila asubuhi. Jiwe dogo kama harage linatosha kumkata mtu mguu wake mwaka huo huo.

Na funza. Kila mtu hapa anajua kutoa funza kwa pini. Kwa mgonjwa wa sukari asiyesikia, usitoe kwa pini ya nguo iliyotoboa miguu ya nyumba nzima. Mlete sentre, atolewe kwa kitu safi. Vile vile usikate sugu kwa wembe.

Akipata kidonda, hata kidogo, osha kwa sabuni na maji yaliyochemshwa na kupoa, funika na kitambaa safi, na asikanyage tena mguu ule. Mlete siku ile ile, kwa pikipiki au kwa kubebwa. Usipasue kapsule na kumwaga unga wake juu ya kidonda. Usipake majivu wala mafuta ya gari wala majani yaliyosagwa. Usingoje maumivu ili ujue kidonda ni kikubwa, maumivu hayatakuja. Ukiona harufu mbaya, weusi, au wekundu unaopanda, usingoje hata asubuhi.

SI KILA GANZI NI SUKARI

Tusije tukakutisha bure. Mama mwenye mimba anaweza kufa ganzi mikono usiku, na ikaisha baada ya kuzaa. Mtu anayemeza dawa za kifua kikuu anaweza kuwaka miguu kwa sababu ya dawa moja, isoniazidi, na vitamini B6 inamsaidia. Asiache dawa, aje atuambie. Mgonjwa wa sukari anayemeza metformini miaka mingi anaweza kupungukiwa vitamini B12, na hiyo nayo inaleta ganzi. Virusi vya ukimwi vinaweza kuharibu mishipa hii. Ukoma unaleta baka lisilosikia, na bado uko katika Kongo. Na miguu ya mtoto au ya mama ikilemaa ghafula, ikakakamaa, hasa wakati wa njaa watu wanapokula mihogo michungu isiyolowekwa siku za kutosha, inaweza kuwa konzo, ugonjwa ulioandikwa mara ya kwanza huko Kwango mwaka wa 1938. Huo una njia yake nyingine. Kila moja inatambuliwa kwa kupimwa, si kwa kukisia nyumbani.

Tone moja la damu toka kidoleni linatosha kwa kuanza. Asubuhi kabla ya kula, sukari ikifika 126 au zaidi, tunapima tena siku nyingine, na ikirudi vile, ni ugonjwa wa sukari. Omba upimwe kama una kiu isiyoisha, kama unakojoa mara nyingi usiku, kama sisimizi wanakusanyika penye mkojo, kama unakonda bila sababu, au kama ulizaa mtoto wa kilo 4 na zaidi. Mwenye mimba apimwe hasa kati ya wiki ya 24 na ya 28. Na mtoto wako akianza kukojoa kitandani tena baada ya kuwa ameacha, anakunywa maji bila kushiba na anakonda, usiseme ni malaria tu. Huyo aje leo, maana kwa mtoto sukari inaweza kuua katika siku chache.

IKIBIDI KUKIMBIA

Katikati ya mwaka 2024, vita ilipofika Kanyabayonga na Kirumba, watu wengi walipanda barabara hii kuelekea Lubero na Butembo, na mwisho wa mwaka ule ilifika hata hapa. Wanaotumia insulini waliuliza: bila frigo, dawa si itaharibika njiani?

Waganga Wasio na Mipaka na Chuo Kikuu cha Geneve walijaribu jambo hili wakifuata joto la kambi ya Dagahaley, Kenya, mahali penye joto kuliko huku kwetu mbali sana. Mwaka wa 2021 walitangaza kwamba insulini iliyokaa wiki 4 katika joto linalopanda na kushuka kati ya 25 na 37 ilibaki na nguvu yake. Kwa hiyo usiitupe, na mgonjwa asikose sindano kwa kuogopa. Iweke katika chungu kidogo kilicho ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, chini ya kivuli, mbali na moto na jua. Ukiwa njiani, ifunge katikati ya nguo, siyo mfukoni karibu na mwili.

Na katika mzigo wa kukimbia, pamoja na karte yake, sabuni na kitambaa safi, tia jozi ya pili ya sosete na viatu vilivyofunikwa. Atatembea mbali, na hatasikia. Kila mnapopumzika, mvue viatu uangalie.

Siku ya kupima sukari hapa, njoo naye asubuhi kabla hajala, na akiingia kwa muganga avue viatu vyote viwili, hata kama muganga hajamwambia.